Gari Lisilokwama

Mtu akikwambia wanawake hawajui magari, mwambie aende Bujora akamwulize Wilhelmina. Atamweleza tofauti ya dizeli na petroli, atamweleza kwa nini gari lenye tumbo la chini halifai kwenye udongo mweusi, atamweleza na kimo cha kiti ambacho mwanamke mwenye mimba anaweza kukipanda bila kushikwa mkono. Ila asimwulize alijifunzia wapi. Waliowahi kumwuliza wanajua: huinuka akaenda kuwatazama kuku wake.

Mambo yalianza na Landrova. Maige, mumewe, alikuwa dereva wa kiwanda cha kuchambua pamba kwa miaka kumi na tisa, na Landrova hilo kuukuu alilinunua hapohapo kiwandani siku walipokuwa wanauza vyombo chakavu. Zama hizo upande wetu wa Bujora ulikuwa na gari moja, na gari lenyewe ndilo hilo. Lilibeba wagonjwa, lilibeba maharusi, lilibeba na maiti, na Maige alipopita wazee walimwamkia kwa jina kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha ikaja ruksa. Kila kitu ruksa, kuuza ruksa, kununua ruksa, na kufukuzwa kazi nako ruksa. Matajiri binafsi wakaruhusiwa kununua pamba, kiwanda kikapunguza watu, na Maige akapewa kiinua mgongo ambacho hakikuinua hata shingo. Mwaka huohuo, 1994, chesisi ya Landrova ikakatika vipande viwili kwenye mteremko wa Kisesa. Likavutwa na ng'ombe hadi nyumbani, likaegeshwa kando ya zizi, na kuku wakahamia kutagia kwenye kiti cha dereva.

Mwezi wa saba binti yao Selina akaolewa. Ndiye mtoto pekee aliyewabakia. Watatu wengine waliwazika wangali wadogo. Aliolewa na Josephat, mtoto wa mzee Kashindye wa Mwabuluda, ng'ambo ya mbuga ya udongo mweusi, na Kashindye hakubana mkono. Alitoa ng'ombe ishirini na wanne, wazima, wenye nundu, watu wakasimama njiani kuwahesabu. Kwa kawaida ng'ombe wa binti ndio wanaomwoza kaka yake. Selina hakuwa na kaka. Basi ng'ombe wakakaa zizini wakinenepa, na Maige akakaa nje ya nyumba akiwatazama, na kila alipowatazama aliona gari.

"Mama Selina," alisema jioni moja ya mwezi wa tisa, "msimu ujao wa pamba mwenye gari ndiye atakayekula. Matajiri wanatafuta mawakala wa kuwakusanyia. Hawa ng'ombe tuwageuze gari."

Wilhelmina hakuona ubaya. Mume asiye na kazi ni mzigo ndani ya nyumba, huyo anakukosoa hata ugali umeusonga vipi, naye alishachoka kukosolewa. Akasema sawa, kama Mungu akipenda.

Wiki mbili baadaye akaja Paskazia. Huyu Paskazia ni rafiki yake wa tangu ubatizo, mama wa dagaa, ananunua mzigo unaoshuka kutoka Nansio na kuutembeza mnada kwa mnada mpaka huko Mwabuluda. Siku hiyo hakuja na dagaa. Alikaa, akapewa maji, akayaweka chini bila kuyanywa.

"Nimemwona mwanao," akasema. "Jino la mbele halipo. Anasema aliteleza kisimani. Mimi nina miaka hamsini, Wilhelmina, sijaona kisima chenye ngumi."

Wilhelmina aliuliza kwa sauti ndogo kama Selina ametuma neno.

"Ametuma. Mwambie mama ng'ombe wasiguswe. Bado navumilia, nikishindwa nitakuja. Na baba asiambiwe."

Kwa watu wa huku ng'ombe wa mahari si zawadi. Mwanamke akimshindwa mume akarudi kwao kukaa, ng'ombe nao hurudi walikotoka, na wakisharudi yameisha, hakuna wa kumfuata mwenzake. Lakini kama ng'ombe hawapo, baba hana mdomo. Mkwe akija kudai mke wake atajibiwa nini? Kwa hiyo wale ishirini na wanne ndio waliokuwa njia ya Selina ya kurudia nyumbani, na Maige alikuwa anatafuta mnada wa kuwapeleka.

Utasema, si angemwambia mumewe? Angemwambia, kama asingekuwa anamjua. Mwaka 1983 Mhoja, mdogo wake Maige, alirudi nyumbani akiwa amevunjwa mkono. Maige alimpa chai, akamsikiliza, akamhurumia kwa dhati ya moyo, na asubuhi akampakia kwenye Landrova akamrudisha kwa mumewe kabla majirani hawajatoka kuteka maji. Ng'ombe wa Mhoja hawakuwepo. Walikuwa wameshatolewa zamani kuwa mahari ya Wilhelmina. Hilo ndilo lililomkaa Wilhelmina kooni miaka yote, kwamba Mhoja angebaki, ng'ombe wale wangefuatwa hadi kwa wazazi wake yeye, na ndoa ambayo ingevunjika ni yake. Siku ile alimfungia wifi yake viazi na samaki wa kula njiani, akamwambia vumilia, na gari lilipotokomea alishusha pumzi. Ndiyo, alishusha pumzi, wala hajawahi kujidanganya kwamba hakushusha. Mhoja hawakumwona tena hadi siku ya kumzika.

Sasa zamu ilikuwa ya mtoto wake mwenyewe. Wilhelmina alikesha akiwaza, na alfajiri akawa amepata. Mume hakatazwi kununua gari. Mume huambiwa tu kwamba gari hilo halitufai.

Gari la kwanza lilikuwa saluni nyeupe, Pijo, la afisa mmoja wa Ilemela aliyekuwa anahamia Dar. Maige aliliazima kwa saa moja aje nalo nyumbani kumwonyesha mke. Alikuwa amevaa shati la Krismasi. Wilhelmina akalizunguka, akafungua milango, akapapasa viti.

"Zuri," akasema. "Sasa magunia ya pamba utaweka wapi, Baba Selina? Juu ya magoti yangu?"

Maige akatazama buti. Akatazama mke. Akarudisha gari Ilemela.

La pili lilikuwa pikapu ya Datsuni. Magunia yangeenea, hapo hakuna ubishi. Lakini ilikuwa na kiti cha dereva na kiti cha mwenzake basi, na huyo mwenzake, alisema Wilhelmina, siku za msimu atakuwa mpima mizani. "Jumapili mimi nitakaa nyuma na mbuzi? Nifike kanisani nimejaa vumbi, padri aniulize nimetoka kuzikwa wapi?" La tatu lilikuwa lori dogo la tairi sita. "Tairi sita," akasema. "Sisi wawili tuna miguu minne na kuivika viatu inatushinda."

Alexander, mdogo wa Maige, aliyekuwa anasikiliza, alicheka hadi akashika mti. "Kaka, mkeo hatafuti gari, anatafuta ndege ya kutua Kisesa." Ila Maige hakukasirika, na hilo ndilo lililomshangaza Wilhelmina. Maige alisema mama Selina ana akili, kwamba yeye mwenyewe angejinunulia Pijo na mwaka ukaisha akilipangusa vumbi. Akaanza kutembea na maneno ya mkewe kijijini. Ukimkuta pombeni anakwambia: usinunue gari kwa macho, kwanza kaa chini ujiulize unalitaka la nini.

Mwezi wa kumi na moja wakaenda mjini wote wawili, kwa Ramniklal. Mzee huyu familia yake imeuza spea Mwanza tangu enzi za babu yake alipokuwa anauza pedeli za baiskeli, na ruksa ilipokuja akaanza kuagizia watu magari yaliyotumika kutoka Dubai. Maige alikuwa mteja wake wa zamani. Landrova lilikula duka zima. Ramniklal aliwapa viti na soda, akasikiliza habari ya Pijo na Datsuni na tairi sita, akavua miwani.

"Mama, watu wakija hapa wananiuliza rangi, wananiuliza redio," akasema. "Hakuna anayeniuliza njia. Sema yote unayotaka, mimi naandika. Tusifanye haraka. Gari baya ni kama mkwe mbaya, kulitoa nyumbani ni kazi."

Wilhelmina alishtuka, lakini mzee alikuwa anatafuta kalamu tu. Basi akasema. Liwe la dizeli, maana jirani yao mwenye mashine ya kusaga huuza dizeli, ila petroli ni mpaka mjini. Liwe na viti vya watu watano, na nyuma kubaki kwa magunia. Liwe na tumbo la juu. Kiti kisiwe cha juu mno kwa mwanamke kupanda. Spea zake zipatikane hapahapa dukani. Akasema na mengine ambayo hakujua kama yapo, na kila alilosema Ramniklal aliandika na Maige aliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia injili.

Na hapa nitasema jambo ambalo Wilhelmina mwenyewe alilisema baadaye kwa uchungu: alianza kulipenda lile zoezi. Tangu aolewe hakuna mtu aliyewahi kumwuliza anahitaji nini. Sasa mzee mwenye miwani anaandika maneno yake, na mume wake akirudi jioni anavuta kigoda anakaa karibu na mafiga, wanaongea. Mara aseme, unaonaje dirisha la nyuma liwe la kufunguka? Wanabishana, wanacheka. Ng'ombe wapo zizini, wote, na mwezi umepita. Alikuwa anamkinga mwanawe na huku anafurahi, na furaha hiyo hakuiona kama ni mtego.

Jioni moja ya Desemba nusura amwambie. Maige alikuwa anamenya viazi, mambo ambayo hajawahi kuyafanya, akasema, "Unajua, Landrova nilikuja nalo tu. Sikukuuliza. Ningekuuliza mambo mengi zamani."

Wilhelmina akafungua mdomo. Lakini Maige alikuwa bado anasema.

"Na mzee Kashindye Mungu ambariki. Bila ng'ombe wake tungekuwa tunachekwa. Selina ametutoa kimasomaso."

Akaufunga mdomo. Akatia chumvi kwenye chungu, kisha akasahau kama ametia, akatia tena.

Januari Paskazia akaleta habari kwamba Selina ana mimba na kwamba Josephat ameacha kidogo, wiki ya tatu hajainua mkono. Wilhelmina hakulala kwa furaha na kwa hofu. Februari Ramniklal akatuma mtu: limepatikana. Wakaenda. Lilikuwa pikapu ya dizeli, viti vitano, tumbo la juu, kila kilichokuwa kwenye daftari. Maige alilizunguka kimya kimya, mikono nyuma, jinsi mtu anavyozunguka kaburi au madhabahu. Wilhelmina akaona mwisho umefika. Akatafuta neno, akapekua kichwa chote, na neno lililotoka halikuwa la hila.

"Linafika kwa Selina masika?"

"Masika?" Ramniklal akasema. "Mbuga ile? Mama, hata trekta hulala pale."

"Basi halitufai. Mwanangu ana mimba. Mvua zikianza, akapata shida, nani atamfikia?" Hapo sauti yake ikakatika, machozi yakamtoka mbele ya wauza spea. "Gari lisilofika kwa mtoto wangu lina faida gani?"

Maige akainamisha kichwa. Alimpenda Selina, mtu asije akasema hakumpenda. "Mama Selina amesema kweli, mzee," akasema. "Liandike na hilo." Ramniklal akaandika, akasema hilo ni gumu, atajaribu, ila haahidi. Wilhelmina akarudi Bujora akijua ameshinda. Gari la kupita mbuga ya Mwabuluda wakati wa masika halijatengenezwa. Miaka yote ile hata Landrova lilikuwa linaegeshwa ng'ambo ya huku, watu wanavua viatu wanavuka kwa miguu.

Kumbe limetengenezwa. Katikati ya Machi likashuka kwenye behewa la treni kutoka Dar, Hailaksi ya kijivu, dizeli, viti vitano, bodi ndefu nyuma, na kando ya gia kubwa kuna gia ndogo ambayo ukiivuta magurudumu yote manne yanafanya kazi. Ramniklal alilipeleka mwenyewe hadi Bujora kulijaribu. Aliliingiza kwenye tope la kisima cha ng'ombe, likazama hadi vitovu vya magurudumu, akavuta gia ndogo, likatoka. Watoto wakashangilia. Maige akamtazama mkewe kwa macho ya bwana harusi.

"Kila ulichosema," akasema. "Kila kitu."

Wilhelmina hakubakiwa na hitaji hata moja.

Asubuhi ya mnada aliwahi zizini kabla ya Maige. Alipokuja na fimbo na kamba, alimkuta amesimama mlangoni, mikono ameinyoosha kwenye nguzo mbili.

"Baba Selina, usiwauze. Selina anapigwa."

Maige akasimama. "Nani kasema?"

"Alituma neno mwenyewe. Ametolewa jino."

"Lini?"

"Mwezi wa kumi."

Uso wa Maige ulianza kuchukua huruma, kisha ukabadilika. "Mwezi wa kumi," akasema pole pole. "Yaani mtoto wangu anapigwa tangu mwezi wa kumi, na wewe umekaa miezi mitano unaniambia habari za dirisha la nyuma?"

"Nilikuwa nawachelewesha. Nilijua ukijua—"

"Magunia, sikupinga. Padri, sikupinga. Tairi, sikupinga. Masika, ukalia mbele za watu, nikakuonea huruma. Leo gari liko hapa halina kasoro, ndiyo mtoto anapigwa." Akatikisa kichwa, na kilichomuumiza Wilhelmina ni kwamba hakuwa na hasira, alikuwa na kicheko kidogo. "Mama Selina, kama gari hulitaki sema. Usimtie mtoto kwenye mambo haya."

Akamshika mabega, akamsogeza taratibu, akafungua zizi. Ng'ombe wakatoka mmoja mmoja kwenda Kisesa, ishirini na wanne. Ukweli ukikaa kabatini mwezi baada ya mwezi na uongo, ukiutoa utanuka uongo, na Wilhelmina hakuwa na wa kumlaumu. Alikwenda akakaa ndani ya Landrova bovu, akawasukuma kuku, akalia hadi jua likapanda.

Selina alikuja mwishoni mwa Aprili, mchana, kwa miguu. Tope lilikuwa limemfika magotini, jicho moja limefunga, na mimba imetangulia. Alimpita mama yake mlangoni bila salamu, akaenda moja kwa moja hadi zizini. Akatazama. Kisha akarudi akakaa chini.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba, mwanangu," Maige akasema, na sasa alikuwa anaona lile pengo la jino. Akamgeukia mkewe. Kisha akaenda kumletea mtoto maji.

Kesho yake akafika mjumbe wa mzee Kashindye, kijana mstaarabu, akakataa hata chai. Ujumbe ulikuwa mfupi: mke au ng'ombe, kabla ya Jumapili, na ng'ombe ni ishirini na wanne, si pungufu. Maige akapanda gari akaenda mjini. Alirudi alasiri, akamwita Wilhelmina nyuma ya nyumba.

"Nimemwomba Ramniklal alichukue," akasema. "Anasema limeshatembea, na masika hakuna mnunuzi. Anachoweza kutoa ni bei ya ng'ombe kumi na wawili. Nimeenda kwa Alexander. Nimeenda hata kiwandani." Akakaa kwenye jiwe akafunika uso kwa mikono, na akalia, Maige huyu, mtu mzima, kwa sauti. "Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ulimrudisha Mhoja," Wilhelmina akasema.

Hilo lilimfika. Alikaa pale hadi kiza kikaingia. Na pamoja na hayo yote, Jumamosi asubuhi alikuwa ameshawasha gari. Ndivyo baadhi ya watu walivyo. Watalia na wewe, watakubaliana na wewe, na asubuhi watafanya walichozoea kufanya.

Wilhelmina alifunga viazi na samaki. Mikono yake ilifunga kabla yeye hajajua inafunga nini, na alipoona fundo ni lilelile la miaka ile, akalifungua, akaweka chakula kwenye ndoo. Selina hakulia wala hakubisha. Alipanda kiti cha nyuma mwenyewe, bila kushikwa mkono, na mama yake akakaa kando yake.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Walipoingia mbugani Wilhelmina aliona malori mawili yamelala upande kwa upande, madereva wamejifunika maturubai, na mbele yao trekta limezama hadi kiti. Moyo wake ukapanda. Kwama, akaliambia gari ndani ya moyo. Kwama, nakuomba. Bwana Yesu, lizimishe. Wakikwama hapa watalala hapa, Jumapili itapita, watu watakuja, maneno mengine yatasemwa, chochote kinaweza kutokea. Maige akavuta gia ndogo. Gari likainama, likapiga kelele, likakamata. Likapita kando ya lori la kwanza, likapita la pili, madereva wakatoa vichwa kwenye maturubai wakatazama. Tope lilirushwa hadi kioo cha nyuma. Kwenye korongo maji yalipiga mlango, Wilhelmina akafumba macho akiomba, na alipoyafumbua walikuwa ng'ambo.

"Umeona linavyovuta?" Maige akasema. Alikuwa dereva kwa miaka kumi na tisa, na kwa dakika hiyo moja alisahau alikuwa anapeleka nini. Kisha akakumbuka, akayarudisha macho njiani.

Huko Mwabuluda mzee Kashindye alitoka nje ya boma lake na mwavuli. Hakuamini. Aliwapokea kwa heshima zote, akaagiza viti, akaagiza maziwa. Josephat alisimama kando ya ghala akitazama chini. Na mzee, badala ya kuanza na habari za wana, akaanza kulizunguka gari.

"Masika haya, na mmepita mbuga?" akasema. "Hata gari la serikali halijafika hapa tangu mwezi wa tatu. Nani aliyekuchagulia hili, mkwe?"

Na Maige, kwa aibu, au kwa mazoea, au kwa kutaka tu kuwe na jambo moja jema la kusemwa siku hiyo, akasema alichokuwa amekisema pombeni miezi yote. "Mke wangu. Kila kitu alikitaja yeye, kimoja kimoja, kikaandikwa. Mimi nilitoa ng'ombe tu."

"Mama una akili," mzee Kashindye akamwambia Wilhelmina, na akamwamkia mara ya pili.

Selina alikuwa ameshashuka, ndoo ya chakula mkononi. Aligeuka akamtazama mama yake kwa lile jicho moja lililo wazi. Wilhelmina alitaka kumwambia yote, habari ya saluni nyeupe, padri na vumbi, miguu minne, jinsi alivyopigana kwa miezi mitano kwa silaha pekee aliyopewa. Lakini wakwe walikuwa wamesimama pale, na maneno yenyewe, hata angeyasema, yangesema nini zaidi ya kwamba ni kweli?

"Kumbe ni wewe, mama," Selina akasema. Akahamisha ndoo mkono wa pili, akaingia ndani.

Wahenga wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Wahenga hawakufika Mwabuluda. Aliyechimba alirudishwa nyumbani kwenye kiti kizuri. Maige aliendesha, na Wilhelmina alikaa palepale nyuma, kando ya nafasi iliyo wazi. Malori yalikuwa bado yamelala. Waliingia Bujora kabla jua halijazama, na njia nzima gari halikukwama hata mara moja.